Si kila tumbo linalochafuka ni fangasi wanaokufa

Wiki iliyopita niliwekewa tena mezani ule mfuko. Wabebaji hubadilika, lakini vilivyomo ni vilevile: kopo la DMSA (dawa inayonasa metali zenye sumu mwilini, kama zebaki na madini ya risasi, ili zitoke na mkojo) lililotumwa na ndugu aliyeko ughaibuni, unga wa mkaa, giligilani iliyokaushwa, karatasi ya flukonazoli, dawa ya fangasi, iliyobakiza vidonge viwili, na daftari lililopigwa mistari kwa rula, ambamo kila dozi imeandikiwa saa yake, hata ile ya saa tisa usiku. Nilipofungua kopo, harufu ya yai viza ikajaa chumba, jambo ambalo ni la kawaida kwa dawa yenye salfa. Mgonjwa alikuwa ameharisha siku sita, midomo imekauka, na bado alikuwa na furaha, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba tumbo likichafuka ujue zebaki inatoka na fangasi wanakufa, na kwa hiyo asithubutu kuacha.

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kupita kiasi, na leo naijibu kwa maandishi ili nisirudie kuijibu kwa mdomo.

Nianze na hilo neno "wanakufa", kwa sababu ndilo linaloniudhi zaidi. Ni kweli kwamba upo mshtuko wa mwili unaotokea pale vijidudu vinapokufa kwa wingi kwa mara moja. Ulielezwa na daktari Jarisch wa Austria mwaka 1895, kisha na mwenzake Herxheimer wa Frankfurt mwaka 1902, wote wawili wakiwatazama wagonjwa wa kaswende ambao vipele vyao vilizidi mara tu walipoanza tiba. Na tiba yenyewe siku hizo, msomaji wangu, ilikuwa zebaki. Waganga waliofanya kazi Dodoma wanaufahamu mshtuko huo kupitia homa ya papasi: unampa mgonjwa dawa, na ndani ya saa chache anatetemeka kitanda kizima, joto linapanda, presha inashuka, kisha kufikia kesho yake yamekwisha. Hayo ni mambo ya bakteria wa umbo la msokoto waliomo kwenye damu. Mtu alichukua maelezo hayo, akayahamishia kwa kandida, aina ya fangasi wa utumbo, akanyoosha saa chache zikawa wiki na miezi, na sasa kila anayeharisha kwa sababu yoyote ile anapongezwa. Dalili ambayo huhesabiwa kuwa mafanikio ikizidi, na huhesabiwa kuwa mafanikio pia ikipungua, haimwambii mtu chochote.

Kandida wanaishi kwenye utumbo wa watu wengi wenye afya njema, hivyo kuwakuta kwenye choo si ugonjwa. Kutema mate kwenye glasi ya maji na kutazama kama yanashuka si kipimo. Fangasi wa kweli wa mdomo na koo tunawaona kwa watoto wachanga, kwa watu ambao kinga yao imeshushwa na VVU, kwa wenye kisukari kisichodhibitiwa na kwa waliotoka kwenye antibiotiki, na hao tunawatibu bila ubishi. Ama flukonazoli ya kujinunulia dukani, naomba mwenye kisukari anayemeza glibenklamaidi aelewe kwamba dawa hizo mbili zikikutana sukari inaweza kuporomoka hadi azimie.

Sasa, kwa nini tumbo linachafuka wakati wa kunasa metali? Mara nyingi ni DMSA yenyewe. Kichefuchefu, kuharisha na gesi ni maudhi yake yanayojulikana, pamoja na vipele, vimeng'enya vya ini kupanda na chembe nyeupe za damu kushuka. Ndiyo maana sisi hupima damu katikati ya dozi, na ndiyo maana daftari la saa, hata liwe safi namna gani, halitoshi. Wapo pia wasio na sumu yoyote, waliopewa dawa ya kunasa metali kwanza kisha wakapimwa mkojo, wakashtushwa na namba kubwa. Namba ya mkojo huo hupanda kwa karibu kila mtu, kwa kuwa kazi ya dawa ni kuvuta metali, na kila binadamu anayo kidogo. Wataalamu wa sumu wa Marekani wamekwisha kuikataa njia hiyo ya kupima. Mkaa nao haunasi risasi, na giligilani mahali pake ni kwenye kachumbari.

Hata hivyo sitasema kwamba utumbo hauhusiki, maana hapo ningekuwa nadanganya. Zebaki ya aina inayopatikana kwenye samaki hutoka kwenye ini na nyongo, ikaingia utumbo, na sehemu kubwa hufyonzwa tena; bakteria wa utumbo huivunja sehemu nyingine ikapata kutoka na choo. Panya waliopewa antibiotiki walikawia kuitoa. Kwa sababu hiyo, mgonjwa wangu akiwa hapati choo, humsaidia apate choo kabla sijampa DMSA. Nafanya hivyo kila mara, na sijawahi kuweza kuonyesha kwamba imenisaidia kutoa hata miligramu moja ya ziada. Vitabu hupenda mambo yaliyonyooka zaidi ya hapo. Vitabu hivyohivyo hunong'ona tu kuhusu utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2001, ambamo watoto 780 wenye risasi ya kiasi cha kati waligawanywa, wengine wakapewa DMSA na wengine dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani: risasi ya damu ilishuka, lakini akili na mwenendo wao havikutofautiana.

Kinachonitisha katika imani hii ni kwamba risasi yenyewe huumiza tumbo. Msokoto mkali na kukosa choo ni dalili zake za kale kabisa. Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka sita kutoka kijiji cha wavuvi, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amenyimwa sukari na kunyweshwa nistatini, kwa kuwa mama yake alihakikishiwa kwamba ni fangasi, na kwamba fangasi lazima wamalizwe kwanza ndipo sumu iguswe. Mtoto alikuwa mweupe machoni kwa upungufu wa damu, amejikunja kama kamba. Picha ya eksirei ilionyesha chembe nyeupe za risasi zimetapakaa utumboni mithili ya mchanga, na damu yake ilikuwa na maikrogramu 52 za risasi kwa desilita, wakati Shirika la Afya Duniani linatutaka tuanze kunasa metali kwa mtoto inapofika 45. Baba yake alikuwa akiyeyusha betri chakavu uani na kusubu chubwi, vile vizito vya risasi vya kuzamishia nyavu, na mtoto ndiye aliyekuwa akizihesabu.

Huyo ndiye niliyemsafisha utumbo, kwa maana halisi ya neno: maji yenye polietilini glaikoli kupitia mpira wa puani hadi kinyesi kikawa cheupe kama maji ya bomba. Ndipo akaanza DMSA, miligramu 10 kwa kila kilo, kila baada ya saa nane kwa siku tano, kisha kila baada ya saa kumi na mbili kwa siku kumi na nne, akiwa wodini, maana kumpa dawa hiyo huku akiendelea kula risasi ni kumchezea. Aliharisha kidogo siku ya tatu, hakuna aliyeshangilia. Alipotoka damu ilikuwa imeshuka hadi 21.

Baada ya wiki tatu namba ilirudi 34. Jambo hilo tunalitarajia, kwa sababu risasi iliyojificha mifupani hurudi kwenye damu. Mama alinipigia simu.

"Shikamoo daktari. Ina maana fangasi wamerudi?"

"Marahaba mama. Ile sufuria ya kuyeyushia iko wapi?"

"Ipo jikoni. Lakini nimeisugua vizuri sana kwa majivu."

Mpaka leo siwezi kusema katika zile 13 zilizoongezeka ni ngapi zilitoka mifupani na ngapi zilitoka kwenye ugali. Nilimwomba ailete sufuria hospitali kesho yake, na akaja nayo, imefungwa kwenye kanga, inang'aa.