Uchovu wa Kazi kwa Walimu: Ni Nini Hasa?

Kila mwalimu huchoka. Mitihani ikiisha, hulala mapema Ijumaa na Jumamosi akaamka mzima. Uchovu wa kazi ninaoueleza hapa hauondoki hivyo. Mwalimu humaliza likizo ya Agosti kwao Malava, akarudi shuleni, na kufikia wiki ya pili amechoka kana kwamba hakupumzika kamwe.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki za bure walioishiwa nguvu na moyo kwa pamoja. Baadaye Christina Maslach akabuni njia ya kuupima uchovu huo, akabainisha sura zake tatu: nguvu huisha, mtu hujitenga na kazi yake, na mwishowe huona kwamba hakuna la maana analolifanikisha.

Sura ya pili ndiyo inayonihuzunisha zaidi, kwa kuwa wengi huisoma vibaya. Mwalimu aliyejua ni mtoto yupi analelewa na nyanya yake na yupi huja bila kiamsha kinywa, sasa hata majina hayataji. Madaftari anayatia alama bila kuyasoma. Wenzake humwita mvivu, au husema ameota kiburi. Mara nyingi huyo ndiye aliyekuwa na bidii kuliko wote.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua kwamba hali hii hutokana na mkazo wa kazini wa muda mrefu usioshughulikiwa, wala halikuiorodhesha kama ugonjwa. Hilo lina uzito. Kama chanzo ni kazi, basi kazi yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja mambo sita ya kuangalia: mzigo, uhuru wa kuamua, kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili unayoyaamini.

Tazama sekondari msingi hapa Kenya, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9. Gredi ya 7 ilipoanza Januari 2023 ndani ya shule za msingi, shule nyingi zilipata mwalimu mmoja au wawili tu. Aliyesomea Kemia na Baiolojia akajikuta anafundisha Kilimo na Sanaa pia. Vipindi vilikuwa vingi, ndiyo, lakini kilichomuumiza zaidi ni kusimama mbele ya darasa bila uhakika wa anachofundisha. Mtu kama huyo akipata mafunzo mazuri, hurejeshewa imani katika kazi yake. Ila mafunzo yanayokula likizo yake na pesa zake, kisha yakamwongezea fomu za kujaza juu ya zile za TPAD, mfumo wa kutathmini utendaji wa walimu, ni mzigo mwingine.

Mwalimu mkuu naye haepuki. Awe Nyalenda au Njoro, anafundisha, anasubiri mgao wa serikali uliochelewa, anampokea mzazi mwenye hasira, na hana wa kumlalamikia. Hawezi kuajiri walimu wa serikali, hiyo ni kazi ya TSC, Tume ya Huduma kwa Walimu. Ratiba, hata hivyo, iko mikononi mwake. Anaweza kugawa vipindi kwa haki, kufupisha mikutano ya saa kumi jioni, kuacha kutuma maagizo ya WhatsApp saa nne usiku, na kumshukuru mwalimu kwa jambo mahususi alilolifanya. Anaweza pia kuwaacha wawili waandae somo pamoja. Semina ya siku moja katika hoteli ya Kisumu, ambapo walimu huambiwa wajipende, haipunguzi hata kipindi kimoja.

Kuna mpaka wa kuangaliwa kwa makini. Uchovu huu hushikamana na kazi. Huzuni ikimfuata mtu hadi nyumbani, hamu ya kula ikapotea, asifurahie hata watoto wake, au akaanza kusema afadhali asingekuwepo, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, na hiyo ni ya daktari. Aende hospitali, na mwalimu mkuu ampe ruhusa siku hiyo hiyo bila kumdai maelezo.