Ganzi ya bega: kwa nini sindano huchomwa shingoni, na usiku wake uwe vipi

Ganzi ya bega ni dawa inayomwagwa kando ya mishipa ya fahamu ya bega, ili mgonjwa asisikie maumivu wakati wa upasuaji na kwa saa nyingi baadaye. Si nusukaputi. Mara nyingi hutumika pamoja: nusukaputi kwa ajili ya chumba cha upasuaji, ganzi kwa ajili ya saa zinazofuata wodini.

Wengi hushtuka kuona bega ndilo linalouma na sindano inaelekezwa shingoni. Mishipa ya fahamu ya bega hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, hasa mzizi wa tano na wa sita, kisha hupita katikati ya misuli miwili pembeni mwa shingo. Hapo imekaa karibu karibu, hivyo dawa kidogo huifikia yote. Kwenye altrasaundi huonekana kama viduara vyeusi vilivyopangana wima. Mtaalamu wa usingizi husogeza sindano hadi kando yake bila kuichoma, huvuta bomba kidogo kuhakikisha hakuna damu, ndipo husukuma dawa taratibu, kwa kawaida mililita 10 hadi 20 za bupivakeini. Dawa hiyo huzuia sodiamu kuingia ndani ya mshipa wa fahamu, na bila sodiamu taarifa ya maumivu haisafiri.

Ndani ya dakika 15 hadi 30 mgonjwa hushindwa kuinua mkono. Kidole kidogo kinaweza kubaki na hisia, kwa sababu mishipa yake hutoka chini zaidi. Hiyo haimaanishi kwamba ganzi imeshindwa.

Penye tatizo zaidi ni usiku. Ganzi ya bupivakeini hudumu takriban saa 12 hadi 18. Aliyechomwa saa tatu asubuhi itamwachia kati ya saa tatu usiku na saa tisa alfajiri, na maumivu huja kwa kishindo kwa mtu aliyelala bila kumeza chochote akidhani amepona. Dawa za kumeza zianze ganzi ikiwa bado ipo. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini, parasetamoli gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, pamoja na dawa nyingine alizoandikiwa. Vidole vikianza kuchezacheza au kuwashawasha, ganzi inaondoka: usingoje maumivu yafike.

Mkono wenye ganzi haujui kama unaungua. Ukigusa bomba la moshi la bodaboda au jiko la mkaa, utaona kidonda kesho yake. Ufungwe shingoni kwa kitambaa muda wote, hasa kwa anayepanda meli kurudi Ukerewe, maana kwenye msongamano wa ngazi mkono unaoning'inia hugongwa na mwenyewe asijue.

Kope kulegea upande uliochomwa, sauti kukwaruza, na pumzi kuwa nzito kidogo ni kawaida, na huisha pamoja na ganzi. Pumzi huwa nzito kwa sababu dawa hufika pia kwenye mshipa unaoendesha kiwambo, msuli wa kupumulia chini ya mapafu, upande huo. Mwenye mapafu mazima hata hatambui. Mwenye pumu kali au mapafu yaliyoharibiwa na TB anaweza kuzidiwa, kwa hiyo aseme mapema: zipo sindano za nyuma ya bega zinazokwepa shingo.

Hatari kubwa, ingawa ni nadra, ni dawa kuingia kwenye damu. Mgonjwa husikia ladha ya chuma mdomoni, midomo hufa ganzi, masikio huvuma. Baadaye huja degedege na moyo kuyumba. Akisikia chochote kati ya hivyo aseme papo hapo. Tiba yake ni mafuta maalumu ya mshipani ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa kuanzia. Ndiyo maana dozi hupimwa kwa uzito: miligramu 2 kwa kilo ni kikomo salama, na kwa mtu wa kilo 60 hizo ni mililita 24 za bupivakeini ya asilimia 0.5.

Kabla ya kupewa ruhusa, omba karatasi yako iandikwe jina la dawa na saa iliyochomwa. Mkono ukiwa bado na ganzi baada ya saa 48, rudi hospitali nayo. Pumzi ikibana, rudi saa hiyo hiyo.