Nguzo iliyolalia bondeni na mwembe wenye kiuno kilichopinda

Ukipanda vilima vya Mwanza, iwe Mabatini, Igogo au Isamilo, hukosi kuona nguzo ya umeme iliyolalia upande wa bondeni, au mti uliopinda shinani. Maelezo yapo mdomoni kwa kila mtu, na mengi hayako sahihi.

"Mwanza imekaa juu ya mwamba, haisogei."
Mwamba wa itale umetulia, kweli. Ila misingi na mashimo ya nguzo huchimbwa kwenye udongo uliolala kati ya majabali, na huo haujatulia. Mvua ikiulowesha hututumka, chembe zikasukumwa nje ya mteremko. Jua likiukausha hunywea, na uzito huzivuta chini, kwa hiyo hazirudi zilipokuwa. Kwa mwaka ni milimita chache tu, pengine hata sentimita. Kulima kwa kuvuta udongo kuelekea chini huongeza mwendo, tena sana.

"Nguzo imeinama, fundi hakuchimba vya kutosha."
Huenda. Huenda pia nyaya zinavuta upande mmoja, au kitako kimeoza. Lakini udongo wa juu husogea haraka kuliko wa chini, hivyo nguzo husukumwa kiunoni huku kitako kimeshikwa. Usihukumu kwa nguzo moja. Tazama na ua, tazama na ukuta wa mawe: vyote vikielekea bondeni, na udongo umejaa nyuma ya ukuta, fundi hana kosa.

"Mti umepindishwa na upepo wa ziwa."
Hapa ndipo napenda watu wasimame kidogo. Nguzo ni mti uliokufa, ikiinamishwa hubaki hivyo. Mti hai hujinyoosha. Mche ukilazwa na udongo unaosogea, ncha yake huinuka tena kutafuta wima, na shina hubaki na kiuno kilichopinda. Miti mingi ya majani mapana hujenga mbao za ziada upande wa juu wa mwinamo, zikauvuta kama kamba. Misonobari hufanya kinyume, huusukuma kutokea chini.

Ila nawaomba na waliosoma jiografia wasikimbilie upande wa pili: si kila mti uliopinda ni ushahidi wa udongo kusogea. Mti hupinda kufuata mwanga uliozibwa na jabali, au baada ya mbuzi kula ncha yake ukiwa mchanga. Na upepo nao upo.

"Udongo unaenda polepole, hauna madhara."
Hauui mtu kwa usiku mmoja. Lakini hupasua kuta na kuachanisha mabomba, na bomba linalovuja hulowesha mteremko zaidi. Nguzo ikiinama ghafla ndani ya msimu mmoja wa mvua, ardhi ikafanya nyufa mpya au milango ikaanza kukwama, hayo ni mengine: huenda ni mporomoko unaokuja. Hameni kwanza, kisha mwarifu mwenyekiti wa mtaa. Nguzo msiisukume wala kuichimbia wenyewe, piga simu Tanesco.

Kwa ukuta wa ua wako, timazi, yaani uzi wenye kitu kizito chini, inatosha. Ining'inize juu ya ukuta, pima nafasi iliyopo chini kati ya uzi na ukuta, uandike. Pima kabla ya vuli, upime tena masika yakiisha.