Malva, mlenda na bamia: huo ute unafanya kazi wapi hasa mwilini?

Kuna dada anafanya kazi Maskati kanitumia picha ya mmea umeota pembeni ya ukuta, majani ya mviringo yenye mikunjo kama feni, kimaua cha zambarau iliyopauka. Anasema mama mwenye nyumba kauchuma kaupika na kitunguu na kumwambia ni dawa ya tumbo na kifua, sasa yeye anataka kujua ni kitu gani na je nyumbani upo. Nilipomjibu yeye wengine nao wakaingia na ya kwao, basi nayaweka yote hapa.

Huo mmea unaitwaje?

Waarabu wanauita khubeza, limetoka kwenye khubz yaani mkate, manake vitunda vyake ni bapa vya mviringo vimegawanyika vipande vipande kama kimkate cha mwanasesere. Jina la kitaalamu ni malva, la Kilatini, na Wagiriki wa zamani walikuwa wanauita malakhe wakilihusisha na malakos, neno lao la "laini". Hapo ndo penye utamu, kwa sababu hawakumaanisha jani ni laini ukilishika, walimaanisha linalainisha. Ukiliponda linatoa ute, wakaubandika kwenye majipu na kuula choo kikiwa kigumu.

Wafaransa nao wanauita mauve, na ndo ikawa jina la ile rangi ya zambarau mpauko. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 pale London, William Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akakosa kwinini akapata rangi ya nguo, ikaja kuitwa mauve. Yaani malaria imetuletea mpaka fasheni.

Nimesikia umetajwa kwenye Biblia, kitabu cha Ayubu?

Ile tafsiri ya Kiingereza ya King James ya 1611 imeandika hivyo kwenye Ayubu 30:4, lakini neno la Kiebrania pale lina asili ya chumvi, wataalamu wengi wanasema ni mmea wa maeneo ya chumvi, siyo huu. Kwa hiyo mtu asikuuzie unga wa "dawa ya Ayubu".

Kwetu upo?

Upo, kuna aina inaota kwenye nyanda za juu zenye baridi, wengi wanaukanyaga tu kama gugu. Ila ndugu zake unawala kila siku: bamia, mlenda, choya, ubuyu, hata pamba na kakao ni ukoo huohuo mmoja. Ukijua hilo utaelewa kwa nini karibu wote wanateleza.

Sasa huo ute ni nini?

Ni sukari zilizoungana minyororo mirefu sana, zikipata maji zinavimba na kuvutika. Kazi yake ni ya kupaka, inapogusa ndo inapofunika. Ukinywa chai ya malva koo lililowasha linapata kifuniko kidogo, kikohozi kikavu kinatulia kwa muda, tumbo linalochoma linapoa kidogo, na choo kinalainika. Shirika la Dawa la Ulaya limeikubali kwa muwasho wa koo na shida ndogondogo za tumbo, ila kwa kigezo kwamba watu wameitumia miaka mingi, siyo kwamba majaribio makubwa yameithibitisha, na kwa watoto chini ya miaka 12 hawaipendekezi. Kikohozi kikifika wiki mbili acha majani nenda kapime TB, Tanzania kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa ni bure.

Daktari mimi magoti yanalia, nimeambiwa nile bamia na mlenda viongeze ute kwenye magoti. Ni kweli?

Hapana mama yangu, na hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote. Ile minyororo ni mirefu mno haipenyi ukuta wa utumbo kuingia kwenye damu, inateremka mpaka utumbo mpana, bakteria wa huko wanaichachusha, mchezo umekwisha. Hakuna barabara ya kutoka kwenye bakuli la bamia kwenda kwenye goti. Ute wa goti unatengenezwa na ngozi nyembamba ya ndani ya goti lenyewe, na bamia ikisaidia magoti ni kwa vile umekula mboga badala ya chipsi ukapungua kilo. Goti likivimba au likiwa la moto nenda hospitali, usisubiri mlenda.

Na yale maji ya bamia wanayokunywa wanawake ili wasiwe wakavu ukeni?

Jibu ni lilelile dada, hayafiki huko. Ukavu ukeni mara nyingi ni homoni, unanyonyesha au umekaribia kukoma hedhi, au ni dawa unazotumia, au mwenzako ana haraka tu. Kunywa maji ya bamia ni sawa kama unayapenda, ila kuyaweka ndani acha kabisa, unavuruga bakteria wazuri wanaokulinda. Na wajawazito mnaoambiwa mle mlenda mtoto ateleze, jamani, mtoto hapiti kwenye utumbo! Kuleni kwa ajili ya choo na madini, hiyo faida ni ya kweli.

Mimi nina kisukari na presha, nile?

Kula. Ute unafanya sukari ya ugali iingie kwenye damu polepole, lakini ni mboga siyo dawa, vidonge usiache, na vimeze kama saa moja kabla ya kunywa chai za ute maana unaweza kuchelewesha dawa kufyonzwa. Tatizo kubwa la mlenda wetu ni magadi. Magadi ni sodiamu, sodiamu hiyohiyo unayokimbia kwenye chumvi, mtu anajinyima chumvi mezani halafu anakoroga magadi kijiko kizima, tena yanaua vitamini C. Pika bila magadi, utazoea. Na mbegu za mlenda msizisage kuzinywa, zina sumu inayogusa moyo, sisi tunakula majani.

Mashimelo zile pipi za watoto zinatoka kwenye mmea huu?

Zamani ndiyo, mzizi wa ndugu yake anayeota kwenye kinamasi, na jina limebaki. Siku hizi ni sukari na jelatini, na jelatini ni ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingine nguruwe, kwa hiyo Muislamu asome pakiti.

Kuku wangu wanaudonoa huo mmea, wataugua?

Hilo limenifurahisha. Kidogo hauwaui, lakini una mafuta fulani ambayo kuku akila mengi mayai yakiwekwa muda ute wake unaweza kugeuka wa pinki. Usishtuke ukadhani umerogwa, wafungie tu upande mwingine.