Mauaji ya kimbari ya Waarmenia: mbona ugomvi wote uko kwenye jina?

Sisi wengi neno mauaji ya kimbari tumelizoea sababu ya Rwanda na ile mahakama ya Arusha. Mbari ni ukoo, kwahiyo ukisema kimbari unasema watu wameuawa kwa ajili ya asili yao tu, hawajafanya kitu. Ila dhana yenyewe ni ya zamani kuliko Rwanda, aliyeipa jina mwaka 1944 ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, na kilichomsumbua tangu ujana wake ni Waarmenia.

Waarmenia ni Wakristo walioishi karne nyingi ndani ya dola ya Waosmani, Uturuki ya leo. Tarehe 24 Aprili 1915, katikati ya vita ya kwanza ya dunia, waandishi, wanasiasa na viongozi wao walianza kukamatwa Istanbul, alafu ikaja amri ya kuwahamisha watu wao. Kuhamisha gani sasa, wanaume wengi waliuawa mapema, wanawake na watoto na wazee wakaswagwa kwa miguu mpaka jangwa la Syria huko Deir ez-Zor, njaa, kiu, kubakwa, kuporwa. Makadirio mengi ni kati ya laki 6 na milioni moja na nusu waliokufa.

Uturuki haisemi hawakufa. Inasema ilikuwa vita, magonjwa na njaa viliua watu wa kila upande, na baadhi ya Waarmenia walijiunga na Warusi, kwahiyo hakukuwa na nia ya kuwamaliza. Na hapo kwenye nia ndo penyewe, maana mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unataka nia ya kuangamiza kundi, lote au sehemu yake. Wanahistoria wengi wanaona nia ipo wazi, na mimi sioni unampelekaje mtoto jangwani bila chakula eti unamhamisha.

Kinachobaki ni siasa. Ufaransa iliweka sheria ya kutambua kuwa yalikuwa mauaji ya kimbari 2001, bunge la Ujerumani 2016. Marekani inaihitaji Uturuki ndani ya NATO, ndo maana Obama aliahidi kwenye kampeni kwamba atalitamka neno hilo alafu akiwa rais akawa anasema Meds Yeghern, uovu mkubwa kwa Kiarmenia, neno la kweli kabisa ila halina uzito wa kisheria. Biden akalitamka lile neno lenyewe, mauaji ya kimbari, 2021, serikali ya Uturuki ikamwita balozi wa Marekani kumlalamikia.