pH ya kitovu haitoshi: tazama asidi imetoka wapi

Mtoto akizaliwa amelegea, halii, kazi ya kwanza ni kumsaidia kupumua. Akishashughulikiwa, mimi huulizia kitovu, yaani ule uzi uliomuunganisha na kondo la nyuma: kimebanwa pande mbili? Damu ya ateri imechukuliwa ili tupime pH, namba inayoshuka asidi inapozidi?

Nasisitiza ateri kwa sababu kitovu kina veni moja pana na ateri mbili nyembamba. Veni hupeleka kwa mtoto damu iliyotoka kwenye kondo la nyuma. Ateri ndizo zinazotoa damu mwilini mwake, hivyo ndizo zinazoonyesha hali yake mwenyewe. Veni ni rahisi kuchoma, na hapo ndipo tunapojidanganya. Niliwahi kuletewa jibu zuri, pH 7.30, la mtoto aliyekuwa hoi kabisa. Ilikuwa damu ya veni. Tangu hapo nataka sampuli zote mbili, nizilinganishe.

Hata hivyo pH peke yake hainitoshi. Watoto wawili wanaweza kuwa na 7.05 ileile. Wa kwanza kitovu chake kilibanwa kwa muda mfupi wakati wa kuzaliwa, kabonidayoksaidi ikakosa pa kutokea. Akianza kupumua vizuri inatoka, pH inapanda. Wa pili seli zake zimekaa bila oksijeni ya kutosha. Zinavunja glukosi kwa njia ya dharura, na molekuli moja iliyopaswa kutoa ATP (nishati ya seli) takriban 30 inatoa 2 tu, huku laktati, zao la njia hiyo, na asidi zikijaa. Asidi hiyo huvuka kondo la nyuma polepole, na pumzi haziiondoi upesi. Ndiyo maana nasoma upungufu wa besi, yaani kiasi cha besi, kizimua asidi, kilichomalizwa na asidi ya aina hii ya pili: ndio unaowatenganisha watoto hawa.

Kwa mtoto aliyezaliwa mimba ikiwa imetimiza angalau wiki 36, pH ya 7.0 au chini, au upungufu wa besi wa 16 na kuendelea katika saa ya kwanza, pamoja na dalili za ubongo kuathirika, tunafikiria kumpoza: joto la mwili nyuzi 33 hadi 34 kwa saa 72, tukianza kabla ya saa 6 kupita. Seli za ubongo hupata nafuu kwanza, kisha nishati huporomoka mara ya pili. Tunawahi kabla ya hapo. Dalili ni za lazima, kwani watoto wengi wenye pH mbaya hupona vizuri. Laktati nairudia kuipima, nione inashuka kwa kasi gani.

Kuna alama nyingine ninayoipenda, ingawa siipimi wodini: kemikali iitwayo haipozanthini. ATP ikivunjika bila kurudishwa, hiyo hulundikana. Mwaka 1975 Ola Didrik Saugstad wa Norwei alieleza kuipima kama kipimo cha ukosefu wa oksijeni. Jambo likawa zito zaidi: oksijeni ikirudi kwa wingi, haipozanthini inapochakatwa huzalisha viini huria, yaani chembe kali za kikemia zinazojeruhi seli. Je, oksijeni tupu tuliyokuwa tukiwapa watoto hawa ilikuwa inawaumiza? Majaribio yakafuata, na mwongozo wa kimataifa wa 2010 ukaelekeza mtoto aliyetimiza miezi aanze kusaidiwa kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21.