Tarehe ya amani haitolewi katika chumba cha maombi

Katika makesha ya Goma, mashariki mwa Kongo, neno hili linarudi mno: Mungu ndiye Mfalme wa mataifa, na ametuonyesha kwamba vita vitaisha mwezi fulani. Mwezi unapita, risasi zinalia bado, kisha waombezi wanaambiwa imani yao ilikuwa haba au kuna mwenye dhambi katikati yao. Mama aliyefunga siku nyingi akiwa chini ya hema la wakimbizi anabebeshwa lawama ya vita ambavyo hakuvianzisha. Huo ni ukatili, na ni lazima ukome.

Someni Yeremia 28 polepole. Nabii Hanania alitangaza hekaluni kwamba nira ya Babeli, yaani utawala wake juu ya Yuda, itavunjwa katika muda wa miaka miwili. Yeremia aliitikia "Amina", maana naye aliitamani amani. Lakini Mungu alisema nira ya mti itafuatwa na nira ya chuma, na Hanania akafa mwaka uleule, mwezi wa saba. Sura ya 29 inataja miaka 70 ya Babeli, na inawaagiza waliohamishwa huko wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuuombea mji walimo. Mungu alikuwa bado anatawala, ila tarehe iliyowafurahisha watu haikutoka kwake. Madhara yake tunayaona hapa: aliyeahidiwa amani ya karibu haoni haja ya kupanda maharagwe, na mwingine anatoa akiba ya karo kuwa "mbegu" ya kuharakisha unabii.

Chumba chochote cha maombi kiwe na daftari. Unabii wenye muda uandikwe: maneno yenyewe, jina la aliyesema, siku aliyosema. Wazee wa kanisa wautunze, na siku ikifika usomwe mbele ya wote. Kumbukumbu la Torati 18:22 ni wazi: neno lisipotokea, Bwana hakulisema. Aliyekosea atubu hadharani na anyamaze kwanza. Mahali penye daftari, tarehe hupungua haraka.

"Kama Mungu amekwisha kupanga, tunaomba nini?" Danieli alijua ile miaka 70 kwa kusoma Yeremia, na kwa sababu aliijua alivaa gunia akaomba (Danieli 9). Ahadi ndiyo iliyompa la kuomba. Tena alisema "tumefanya dhambi", akijihesabu yeye mwenyewe. Waombezi wetu huwahi kukemea adui na kuruka toba ya ukabila na rushwa ya nyumbani.

Kumwombea mtawala hakumaanishi kukubali anachofanya. 1 Timotheo 2:1-2 inataja wote wenye mamlaka, bila kuchagua tunaowapenda. Mwombeeni aache kumwaga damu. Nebukadneza, mfalme wa Babeli mwenye kiburi, alinyenyekezwa mpaka akakiri kwamba Aliye Juu ndiye anayetawala (Danieli 4).

Wako wanaodhani kuomba kunatosha bila kutenda. Nehemia 4:9 inajibu kwa mstari mmoja: walimwomba Mungu, wakaweka walinzi mchana na usiku.

Saa moja iliyopangwa vizuri inazidi kesha la kelele. Dakika 10 za kusoma Neno, 10 za toba, 25 za kuomba kwa majina: wapatanishi, makamanda, barabara zilizofungwa, waliotekwa. Dakika 15 zilizobaki ziwe za kunyamaza na kushukuru. Ombi la jumla kama "Mungu bariki Kongo" hamtaweza kujua limejibiwa lini.

Na kufunga kavu, bila chakula wala maji, siku saba kwa ajili ya nchi? Hapana. Esta alikaa siku tatu bila maji kwa hatari moja kubwa. Katika majuma matatu ya Danieli 10, vyakula na vinywaji alivyojinyima Danieli ni nyama, divai na chakula kitamu tu. Kunyweni maji. Wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, wajawazito na wanaonyonyesha wale chakula chao, wameze dawa zao kwa saa zake, na waombe pamoja na wengine.